Kabla ya kuuliza bei ya insulini, omba uonyeshwe friji

Januari, joto la kaskazi limepamba moto, nilivuka kwenda Unguja na nikarudi Chake Chake na vichupa viwili vya insulini ya mama. Muuzaji alikuwa mkarimu. Alivitia kwenye mfuko wa plastiki katikati ya chupa mbili za maji yaliyogandishwa mpaka yakawa jiwe, akafunga mafundo mawili, akaniambia: "Dada, hii itafika Pemba na baridi yake." Nikamshukuru na dua nikamuombea. Nilipanda boti bandari ya Malindi, hapo Unguja, nikashuka Mkoani mfuko bado unatoa jasho, roho yangu kwatu.

Siku nne zilizofuata sukari ya mama ilisoma juu: 17, 19, 21, kisha 19 tena. Dozi ileile, chakula kilekile. Mimi, Mungu anisamehe, nikamtuhumu. Jirani alikuwa ameleta halua juzi yake. "Mama, umekula halua?" Akaapa hakuigusa. Sikumwamini, nikaificha na kopo la sukari la chai ya wageni.

Siku ya tano ndipo nikakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Insulini ile ukishaizungusha viganjani inatakiwa iwe nyeupe sawasawa, kama tui la pili. Ya kwangu ilikuwa imekatika: maji yamejitenga juu, chini chembe nyeupe, na nyingine zimenata kwenye kioo, kama tui linavyofanya ukiliacha lichemke bila kulikoroga. Iliganda ndani ya mfuko ule, ikayeyuka kabla sijafika nyumbani. Nilimwomba mama radhi nikiwa nimekishika mkononi.

Kwa hiyo mkiniuliza ninunue insulini ipi ya muda mrefu, na wengi mmeniuliza, nitajibu. Tarehe ya mwisho na kasha kama limefunguliwa kila mtu anajua kuangalia, sitapoteza maneno hapo. Mimi naanza na barafu.

Sote tumelelewa kuogopa joto. Lakini Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima insulini katika hali ya joto kama ya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapo Kenya tu, kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki nne. Matokeo yakatoka 2021: nguvu yake ilibaki. Simwambii mtu aiache juani, wala asidharau karatasi iliyomo ndani ya kasha. Ambayo haijafunguliwa mahali pake ni kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Ninachosema ni kwamba insulini iliyoganda haina dawa. Hata ikiyeyuka na kurudi sura yake, ni ya kutupa.

Basi ukifika famasi, omba uonyeshwe friji. Likiwa lile la mlango mmoja lenye sehemu ya barafu juu, tazama makasha yamekaa wapi. Yakiwa yamesukumwa chini ya barafu iliyoota, au yameegemea ukuta wa nyuma, ondoka. Kasha lililokunjamana kwa unyevu, ondoka. Dawa ikichangia rafu na soda, mlango unafunguliwa kila dakika, ondoka pia. Uliza kipimajoto kiko wapi. Mfamasia anayeijua kazi yake hakasiriki kuulizwa, tena atakuonyesha kwa furaha.

Na kwenye safari, barafu ifungwe kwa kitambaa kizito, kasha la dawa lifungwe kivyake, visigusane. Kanga iliyokunjwa mara nne inatosha.

Sasa chaguo langu, na sifichi: Insulatard ya kichupa, ya Novo Nordisk wa Denmark. Ni insulini ya aina ya NPH, iliyobuniwa mwaka 1946, herufi H ikiwa ya Hagedorn, mtafiti wa Denmark, na mpaka leo inafanya kazi. Mitaani tunaiita ya muda mrefu, ingawa madaktari wanaihesabu ya muda wa kati, ndiyo maana wengi wanachomwa mara mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linaanza na insulini za namna hii, na zile mpya za muda mrefu linaziweka kwa watu ambao sukari yao inashuka vibaya mara kwa mara. Kichupa kina yuniti 1,000. Lakini sababu yangu kubwa ni ile ya dirishani: ikiharibika kwa barafu, mara nyingi inakuonyesha. Lantus, mojawapo ya hizo mpya, ni angavu kama maji. Iliganda ikayeyuka, inaweza kukutazama ikiwa angavu vilevile, na wewe utakuja kujua kwa damu ya mgonjwa.

Ila yake ni usiku. Insulatard inapanda kileleni kati ya saa 4 na 12 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyechoma saa nne usiku na kulala bila kula sukari yake inaweza kushuka mno alfajiri. Mwenye kutaka kufunga Ramadhani aende kwa daktari mapema, mwezi haujaandama.

Bibi mmoja Wete aliniuliza kwa aibu kama ina nguruwe. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, wala hakukosea kuuliza. Insulatard ya leo inatengenezwa kwa hamira, Lantus kwa bakteria.

Ya pili ni Lantus ya kalamu, ya Sanofi, iliyoidhinishwa mwaka 2000. Inakwenda tambarare, haina kilele kikubwa, takriban saa 24. Kwa ambaye sukari yake inashuka usiku naipandisha ya kwanza bila ubishi. Hapa fanyeni hesabu. Ikishafunguliwa ina siku 28. Anayepiga yuniti 20 kwa siku atatumia 560 kwenye kichupa chake cha 1,000, na 440 zinakwenda jalalani. Kalamu ina 300. Toa 2 za kujaribu sindano kila siku, inamfikisha siku 13, na hatupi kitu cha maana. Gawa bei kwa yuniti zitakazoingia mwilini, usigawe kwa zilizoandikwa kwenye kasha.

Kuna nakala za Lantus za bei ya chini, kama Basalog ya Biocon. Daktari akikubali na friji likiwa salama, nunua.

Tresiba, nayo ya muda mrefu, naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Inapita saa 42, na ikifunguliwa inakaa wiki nane. Wengi wanaletewa na ndugu kutoka Maskati au Dubai. Mwambieni ndugu aibebe mkononi, asiitie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, maana huko inaweza kuganda. Levemir, nyingine ya muda mrefu, msijizoeze. Marekani kampuni iliiondoa sokoni mwisho wa 2024. Na anayeshika Toujeo, ya muda mrefu pia, asiivute kwa bomba la sindano la kawaida: ina yuniti 300 kwa mililita, badala ya 100 za kawaida, atajipa dozi kubwa mara tatu.

Kubadilisha jina moja kwenda jingine ni kazi ya daktari. Na kabla hamjafungua pochi, ulizeni kwanza kliniki ya kisukari Mnazi Mmoja, au kwetu Pemba hospitali ya Abdalla Mzee, kama dawa ipo.

Mwaka 1923 waliogundua insulini waliuza haki yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili isije ikawa mali ya mtu. Leo kampuni tatu, Novo Nordisk, Sanofi na Eli Lilly, zimeshika zaidi ya asilimia 90 ya soko la dunia, na mtu wa Micheweni anauza mbuzi ili mwanawe amalize mwezi. Bei hiyo inauma. Inauma zaidi ukiilipa kamili kwa dawa iliyokufa. Nilirudi na vichupa vyangu kwa yule muuzaji. Akavitazama mbali, hakuvishika. "Dada, dawa ikishatoka dukani hairudi." Nikamwambia barafu aliitia yeye kwa mkono wake. Akaita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Sasa nanunua duka jingine. Kichupa cha sasa kilifunguliwa Jumatatu, tarehe nimeiandika kwenye kasha kwa wino. Kila asubuhi mama anakizungusha mwenyewe viganjani polepole, hakitikisi, anakiinua dirishani, anakitazama kwa jicho moja, ndipo ananipa nimchome.