Cibola Burn kwa sauti: soma jina la msimulizi kabla ya kulipa

Cibola Burn, kitabu cha nne cha mfululizo wa riwaya za anga za The Expanse, kina rekodi mbili za Kiingereza, na ukichukua isiyo yako utajuta. Kilipotoka mwaka 2014, wasikilizaji waliokwisha kumzoea Jefferson Mays katika vitabu vitatu vya mwanzo walikutana na sauti ya mtu mwingine. Wakalalamika sana. Mays alirudi kwenye kitabu cha tano mwaka 2015, na baadaye akarekodi upya hicho cha nne. Dukani mtandaoni utaona jina lake chini ya jalada. CD za mitumba na nakala za kwenye memori kadi zinaweza kuwa za rekodi ya kwanza.

Msimulizi wa rekodi hiyo ya kwanza si kwamba hajui kusoma. Anayeanzia hapa hataona kasoro kubwa, ingawa sijui kwa nini mtu aanzie kitabu cha nne. Kilichowaudhi watu ni kupoteza sauti waliyoizoea ya wahusika kama Amos, fundi wa meli. Baada ya karibu saa 60 za vitabu vilivyotangulia, sikio linamtambua mhusika kabla jina lake halijatajwa, na waandishi wa mfululizo huu hupenda majibizano mafupi yasiyosema nani anaongea. Sauti zikibadilika zote kwa mpigo, unarudisha nyuma sekunde 30 kila mara kutafuta nani kasema nini.

Mays ni mtu wa jukwaa. Tuzo yake ya Tony ya mwaka 2004 aliipata kwa mchezo ambamo aliigiza peke yake wahusika zaidi ya 30, na uzoefu huo unasikika. Msikilize anapofika kwa Murtry, mkuu wa ulinzi wa kampuni ya RCE: mtu huyu hahitaji kufoka ili atishe.

Hadithi yenyewe itamwingia Mganda haraka. Wakimbizi wametua kwenye sayari, wakajenga, wakaanza kuchimba lithiamu. Kisha inafika RCE na hati kutoka Umoja wa Mataifa. Ni kesi ya mwenye kibanja, anayeishi na kulima pale, na mwenye hati ya mailo, mmiliki wa ardhi kisheria, ila hapa mahakama iko mbali kwa miezi ya safari na kila upande una silaha. Sura zinagawanywa kati ya Holden, Basia, Elvi na Havelock, na kila sura inatangulizwa kwa jina la mhusika wake. Likikupita taksi ikipiga honi, rudi mwanzo wa sura, usibahatishe.

Dosari zipo, na hazimhusu msimulizi. Mapenzi ya Elvi kwa Holden yanachosha, na kwa sauti yanachosha zaidi kwa sababu huwezi kuyaruka kwa jicho. Sura za Havelock kule kwenye obiti nazo zinajivuta hadi katikati ya kitabu.

Kuhusu kasi: kwa 1.25, kitabu hiki cha takriban saa 20 kinashuka hadi saa 16, na Mays bado anaeleweka. Ila kuna vipande vifupi vya mhusika aitwaye Mpelelezi (the Investigator), vilivyoandikwa kwa marudio kama dhikri. Hapo rudisha 1.0, la sivyo vinakuwa kelele tu. Kwa anayesikia Kiingereza kama lugha ya tatu, sura tano za kwanza pia zinafaa 1.0, maana majina ya watu, meli na kampuni yanamiminika.

Sasa data. Faili la kilobiti 64 kwa sekunde hula kama MB 29 kwa saa, yaani karibu MB 580 kwa kitabu kizima. La kilobiti 32 ni nusu ya hapo, na sauti ya mtu mmoja bado inasikika vizuri. Kuongeza kasi hakupunguzi ukubwa wa faili. Kwa kuwa tangu Julai 2021 bando zetu zina ushuru wa asilimia 12, pakua chote kwenye Wi-Fi kabla ya kupanda basi la Arua au Kisoro. Ukikisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni, kinakatika palepale mnara unapopotea, na programu nyingine hupoteza pia alama ya ulipofikia.

Kabla ya kulipa, cheza sampuli ya bure ya kitabu cha tatu, kisha ya hiki. Kama ni sauti ileile, lipa.