Gereji iliyotafuta mafuta ya breki yalikokuwa yakipotelea

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye mafuta ya breki yanapungua kwenye kichupa kila mara, chini ya gari haoni hata tone, na kila fundi anayemwendea anamtajia kifaa kingine cha kubadilisha. Hali yangu ndiyo ilikuwa hiyo. Gereji iliyonitatulia naipa alama zote kwa kazi, na ninawapunguzia kidogo kwenye mawasiliano. Nitaeleza kwa nini.

Gari ni saluni ya kawaida, diski mbele, dramu nyuma. Taa ya breki ilikuwa ikiwaka nikikata kona, kisha inazima gari likinyooka. Maana yake mafuta yamepungua kiasi kwamba yakihamia upande mmoja boya la kichupani linashuka na kuwasha taa. Gereji niliyoanzia iliongeza mafuta, ikanishauri nibadilishe silinda zote mbili za breki za nyuma pamoja na mipira yote minne inayopeleka mafuta kwenye magurudumu. Hakuna aliyefungua gurudumu hata moja. Nikaondoa gari langu.

Fundi wa gereji hii ya pili alianza kwa kuniuliza pedi nimebadilisha lini. Swali zuri sana, kwa sababu pedi zikilika, pistoni za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) husogea nje na mafuta hushuka kujaza nafasi hiyo. Kichupa kikipungua taratibu huku pedi zinakwisha, huenda hakuna kinachovuja kabisa. Akavua gurudumu la mbele, akakuta pedi bado nene. Ndipo akasema, "Basi yanatoka mahali. Tupatafute kwanza, habari za spea baadaye."

Hapo ndipo nilipompendea. Alitandaza matambara yenye maji juu ya madigadi, maana mafuta ya breki yanababua rangi. Akasafisha kila kiungo na kukikausha, akajaza kichupa, akapiga mstari wa kalamu pale mafuta yalipofika. Kisha akamweka kijana wake kwenye kiti cha dereva, akamwambia akanyage breki kwa nguvu na asiachie, yeye akaingia chini na tochi.

Alifuata paipu za chuma kwa kidole tangu mbele hadi nyuma, akikawia pale zinaposhikwa na klipu, kwa kuwa tope hujificha hapo na kutu huanzia hapo. Kila mpira aliukunja kidogo kutazama nyufa. Pale mpira unapoingia kwenye kalipa aliangalia washa za shaba, akapangusa nipeli (vijiskrubu vya kutolea upepo uliomo kwenye mafuta) kwa karatasi nyeupe. Kukavu.

Nyuma alivua dramu, na hapa nilijifunza kitu ambacho kila mwenye gari la dramu anafaa kukijua. Silinda ya breki ina vikofia vya mpira kwenye ncha zake. Ukiitazama kwa nje unaweza kuiona nzima kabisa, kumbe sili ya ndani imeshakwisha na mafuta yamekusanyika nyuma ya kikofia. Alichukua bisibisi bapa, akainua ukingo wa kila kikofia polepole, akaniita nione. Mlikuwa na vumbi la breki tu, kavu. Silinda nilizoambiwa nizitupe zilikuwa nzima.

Upande mmoja wa nyuma kulikuwa na unyevu mweusi karibu na ekseli. Kwa haraka mtu angesema huo ndio uvujaji. Yeye aliukwangua kidogo, akautia kwenye kikopo cha maji. Ulielea. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, zile aina za kawaida, huchanganyika na maji. Yanayoelea juu ni ya aina nyingine. Ile ilikuwa oili ya ekseli, akaiandika pembeni ishughulikiwe siku nyingine.

Kisha akarudi chini ya boneti. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, ilionekana safi kwa nje, lakini chini kidogo, pale inapokutana na boosta (kasha linaloongezea mguu nguvu), rangi ya boosta ilikuwa imevimba na kubanduka. Alifungua nati mbili zinazoishikilia, akaivuta mbele kidogo bila kugusa paipu, akapitisha karatasi kwa nyuma. Ilirudi imelowa. Sili ya nyuma ya masta ilikuwa imekwisha, na mafuta yalikuwa yakiingia ndani ya boosta. Ndiyo sababu sikuwahi kuona tone: boosta ni kasha lililofungwa, na injini ikiwaka huvuta hewa kutoka humo. Mafuta yakizidi yanaweza hata kuvutwa hadi kwenye injini na kutoa moshi mweupe. Mimi sikufika huko.

Alifyonza mafuta ndani ya boosta kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba. Masta mpya aliitoa upepo mezani kwanza kabla ya kuifunga, akafungua chupa mpya ya mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa, akatoa upepo magurudumu yote kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Mwisho akaipima boosta yenyewe: injini imezimwa, akakanyaga breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, akaishikilia, akawasha. Pedali ikazama kidogo chini ya mguu, kama inavyotakiwa. Akanieleza wazi kwamba mpira wa ndani ya boosta ukikaa na mafuta ya breki huharibika, kwa hiyo kipimo hicho nikirudie mara kwa mara. Nimekuwa nikikirudia, na pedali bado inazama vilevile. Mafuta nayo hayajashuka chini ya mstari wa kalamu.

Sasa kasoro. Gari lilikaa kwao muda mrefu kuliko nilivyoambiwa na hakuna aliyenipigia simu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafuta. Tena maelezo yote haya nimeyapata kwa sababu nilisimama pale nikiuliza. Risiti iliandikwa "masta silinda na ufundi", basi. Kazi nzuri kiasi hiki ingefaa kuandikwa: nini kilikaguliwa, nini kilikutwa kizima, nini kinasubiri. Mteja ambaye hakuweza kushinda gereji angeondoka bila kujua habari ya ile oili ya ekseli.

Nitarudi kwao, na hiyo ekseli ndiyo kazi inayofuata. Ukienda na tatizo kama langu, usiongeze mafuta njiani ili kuficha kiwango, waache wakione kilivyo. Na kama pedali inazama taratibu mpaka chini ukiikanyaga, gari usiliendeshe. Ita la kulivuta.