Flashi ipi ununue: angalia kwanza kasi ya kuandika

Kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la flashi karibu kila mara ni ya kusoma. Ya kuandika, yaani ya kuingiza mafaili, mara nyingi haitajwi, na ndiyo itakayokuweka ukisubiri. Flashi rahisi ya USB 3.0 inaweza kusoma megabaiti 100 kwa sekunde na kuandika 15 tu. Faili la gigabaiti 8 utalitoa kwa sekunde 80. Kuliingiza ni karibu dakika 9.

Usihangaike na majina ya viwango. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kilekile: gigabiti (si gigabaiti) 5 kwa sekunde. Huo ni ukomo wa njia tu. Mwendo halisi unaamuliwa na chipu za kumbukumbu na kidhibiti kilichomo ndani.

Nafasi ya kwanza ni ya flashi zilizoundwa kwa mtindo wa SSD, yaani diski za kasi za kompyuta zinazotumia chipu. SanDisk Extreme PRO ya USB 3.2 inatangazwa kusoma hadi megabaiti 420 na kuandika hadi 380, kwa hiyo faili lile la gigabaiti 8 linaingia kwa sekunde ishirini na kitu. Kingston DataTraveler Max inafika 1,000 na 900, ila inahitaji tundu la USB 3.2 Gen 2, lenye kasi kuliko Gen 1. Kama kompyuta yako haina tundu hilo, ziada hiyo unailipia bure.

Ya pili ni flashi za kati, zinazoandika megabaiti 60 hadi 150. Zinawatosha wengi. Hapa ujazo una maana: katika toleo moja, ya gigabaiti 32 mara nyingi huandika polepole kuliko ya 128, kwa sababu ina chipu chache za kufanya kazi kwa pamoja.

Ya tatu ni zile rahisi za USB 3.0. Zichukue kwa vitu unavyoweka mara moja na kusoma mara nyingi. USB 2.0 inashika mkia: haivuki megabaiti 40 hivi hata kwa kusoma, lakini kwa nyaraka za kuchapisha au muziki wa redio ya gari haina ubaya.

Ukishanunua, ipime siku hiyohiyo. Usipime kwa faili dogo, maana flashi nyingi huanza kwa kishindo kisha, akiba yake ya haraka ikijaa au joto likipanda, kasi huporomoka. Nakili faili moja la gigabaiti 10 na utazame namba ya kasi likifika katikati. Ifomati kwa exFAT (mfumo wa kupanga mafaili) kwanza. Mfumo mwingine, FAT32, haupokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Kisha endesha H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza flashi yote na kuisoma upya, hivyo zinafichua ujazo wa uongo na kukupa kasi zote mbili.

Mafaili madogo maelfu yatakwama hata kwenye flashi nzuri. Yafunge kwanza kuwa zip moja. Na flashi ya USB 3 ikitambaa bila sababu, ichomoe uichomeke tena kwa haraka. Ikiingizwa taratibu, pini nne za mbele hugusa kabla ya zile tano za ndani, na kompyuta wakati mwingine huichukulia kuwa USB 2.0.