Kiondo cha mkonge kutoka Maasai Market, nimekitumia miezi minne sasa

Hiki si kiondo changu cha kwanza. Cha kwanza nilinunua kwa duka moja la kifahari ndani ya moli hapa Nairobi, shilingi 6,500, na kikaratasi kimening'inia kimeandikwa ni mkono wa Kiafrika, basi, hakuna jamii, hakuna kaunti, hakuna aliyekisuka. Nikauliza dada wa duka kimetoka wapi akaniambia "ni ya kienyeji tu". Miezi mitatu kitako kikaachana, kumbe kilikuwa kimebandikwa na gundi.

Hiki cha sasa nilikipata Maasai Market ya Jumamosi pale mjini, kwa mama mmoja wa kutoka Kibwezi, 1,800 baada ya kuongea vizuri. Nilimkuta anasokota kamba pajani, anaweka nyuzi mbili za mkonge juu ya paja, anazisukuma na kiganja hadi karibu na goti, anarudisha, na zile mbili zinatoka zimekuwa moja, na wakati wote huo anakuongelesha hata haangalii mkono. Nikamuuliza, "Mama, hii ulifunzwa na nani?" Akasema, "Ni susu yangu (nyanya kwa Kikamba), mwanangu. Lakini yeye alikuwa anatumia magome ya mbuyu."

Akakigeuza nione kitako. Kiondo kinaanzia hapo katikati, kamba zinatawanyika kama miale ya jua halafu zinapanda ukutani mzunguko kwa mzunguko mpaka mdomoni, hakuna mahali pameshonewa kiraka wala kuungwa, ndio maana nabeba viazi kilo nne na hakisemi kitu. Huu mkanda wa ngozi wa bega ni wetu sisi watu wa mjini, zamani kamba ilikuwa inapita juu ya kichwa na mzigo unalala mgongoni, wanawake wa Kikamba na wa Kikuyu walibeba hivyo na vijijini bado utaona nyanya wamebeba.

Sasa kinachoniuma. Tuko na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inasema mtu akitaka kutumia kitu cha jamii kibiashara apate idhini yao kwanza na wao wapate mgao, na kaunti ziandikishe hayo maarifa kwa rejista. Lakini kama duka linauza kiondo na halitaji hata kimesukwa na watu gani, huo mgao utapelekwa wapi? Mtoto wangu ako na miaka tisa na alikuwa anadhani viondo vinatoka kiwandani! Nilimpeleka kwa huyo mama, akapewa kamba asokote, ikamkatikia mara tatu, ya nne ikashika.

Kasoro ziko. Rangi ya mkanda ilinichafua shati jeupe wiki ya kwanza, na mkonge ukilowa unanuka kidogo, usikifue kwa mashine, futa na kitambaa kisha anika kivulini. Pia ukifika sokoni mabroka, yaani madalali, watakufuata wakuuzie bei yao, wapite kwa heshima, uliza "nani amesuka hiki?" na ununue kwa anayekujibu ni mimi.

Tano kwa tano. Nimeagiza kingine cha dada yangu, mama amesema nimpe wiki tatu kwa sababu anasuka jioni akitoka shambani, na nitangoja.