Mwenye bunduki kongwe ya komeo, mpelekee fundi huyu wa Mombasa

Kama una bunduki kongwe ya komeo, yaani ile unayovuta na kusukuma komeo kwa mkono kabla ya kila risasi, na unatafuta wa kuitengeneza hapa Mombasa, nakupendekezea bila wasiwasi karakana ya duka lenye leseni nililopeleka Mauser yangu, bunduki ya muundo wa Kijerumani. Sifa kubwa ya fundi wake ni kwamba anajua pa kuachia.

Mauser yenyewe ni ya kuwindia, ya mfumo wa 1898, risasi 7x57 (kipenyo milimita 7, ganda urefu milimita 57), ambayo Waingereza huiita .275 Rigby. Ndiyo risasi ndogo mwindaji W.D.M. Bell aliyowaangushia tembo Karamoja, Uganda. Nimeirithi kwa babu, kihalali, na kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kazi yake sasa ni shabaha uwanjani.

Kilichoumia hasa ni kitako. Mti wa jozi ulikuwa umegeuka mweusi kwa mafuta ya bunduki, shingoni pana ufa, na juu yake karakana nyingine iliwahi kupaka vanishi nene ya kung'aa. Fundi huyu ametokea kwenye kuchonga milango Mji wa Kale, na ukimtazama akishika mti utajua. Hakukimbilia msasa. Aliitoa vanishi kwa dawa, akapaka uji wa unga wa chaki na spiriti, akakianika kitako juani. Mafuta yakapanda, yakanyonywa na chaki. Akakwangua na kurudia mpaka uji ukawa unakauka mweupe. Mabonyeo aliyainua kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, maana nyuzi za mti zikipata mvuke hufura. Msasa ungeula mti mpaka chuma kikabaki kimechomoza juu ya mbao, na nimeziona nzuri nyingi zilizoharibiwa hivyo.

Ufa nao aliutafutia chanzo. Chuma cha bunduki, kile kinachobeba mtutu na komeo, hakikukaa imara ndani ya mti, kwa hiyo kila teke la risasi kilirudi nyuma na kuupasua kama kabari. Akatia epoksi kwenye ufa, na pia pale kwenye mti ambapo jino la chuma hicho, lile la kupokea teke, linaegemea.

Nilitaka anifungie darubini. Akanijibu, "Mwanangu, hapo ni kutoboa chuma, kukunja mkono wa komeo na kubadili kifungio cha usalama, kwani vyote viwili vitagonga darubini. Tundu likishapita halirudi." Nimebaki na vilenga vyake vya asili na vinanitosha. Kutu ya chumvi aliiondoa taratibu kwa mafuta na sufi ya chuma, herufi na namba ya usajili zikabaki zinasomeka vizuri.

Kasoro zipo. Mikato ya mshikoni, ile michoro ya kuzuia mkono usiteleze, upande wa kushoto, ameirudishia juujuu. Bei si ya chini, ingawa kila kazi huandikwa kabla ya kuanza. Halafu mafuta ya kitani aliyopaka kitako mwishoni hukauka kwa hewa, na unyevu wa masika ulichelewesha kila tabaka la mafuta. Afadhali uende wakati wa kaskazi. Beba cheti chako cha kumiliki silaha, kwani bila hicho bunduki haipokelewi.