Albamu ya sarafu za wanyama: sungura kageuka kijani

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Nilinunua albamu hii kwa ajili ya sarafu za Tanzania za 1966: sulisuli kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50. Masika moja tu yamepita, na senti zote tatu zina utandu wa kijani unaonata. Sungura ndiye aliyeniuma zaidi. Yule mjanja anayewachezea simba na fisi kwenye hadithi za bibi kashindwa na kifuko cha plastiki!

Sababu ni hii: vifuko ni vya PVC, ile ile ya mabomba, ila imetiwa kilainisho. Joto na unyevu wa pwani hukitoa kilainisho pamoja na asidi, na asidi hula shaba iliyomo kwenye sarafu. Ukifungua albamu ikanuka kama pazia jipya la bafuni, irudishe siku hiyo hiyo. Huna hakika? Chukua waya wa shaba, uchome mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande cha kifuko, urudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, ni PVC. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya.

Nilipolalamika, muuzaji akajibu: "Hiyo ni kutu ya kawaida kaka, sugua na dawa ya meno." Dawa ya meno! Ina chembechembe zinazokwaruza. Manyoya ya sungura yanafutika kwanza, maana ndiyo yaliyoinuka.

Kinachosaidia ni asetoni tupu, siyo ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa mafuta na manukato. Mimina kwenye glasi (plastiki itayeyuka), mbali na jiko, loweka dakika ishirini, badilisha, loweka tena. Usisugue, acha ikauke yenyewe. Kisha hamishia kwenye vifuko vya kadibodi vyenye dirisha la poliesta (plastiki angavu isiyotiwa kilainisho), na ubonyeze pini za stepla kwa koleo, la sivyo zitakwaruza sarafu ya ukurasa wa pili.

Nikiwa mkweli, jalada ni gumu na pete za chuma zinafunga vizuri. Ukitupa kurasa zote ukaweka zako, albamu si mbaya. Nilitaka kuongeza ziwe nyota mbili. Halafu nikamtazama sungura: utandu umetoka, lakini asidi imeshachimba, na doa limebaki sikioni.

Inabaki moja. Ya pete.