"Rent" au "let": kupanga na kupangisha kwa Kiingereza

Sisi tuna bahati: mpangaji anapanga, mwenye nyumba anapangisha, na "-ish-" moja inamaliza ubishi. Kiingereza hakina kiambishi hicho.

"Rent" hutumika pande zote mbili. "I rent a flat" kwa kawaida ni nimepanga. "I rent out a flat" ni napangisha. Hako ka-"out" ndiko kanakobeba mzigo wote. Ukikasahau kwenye barua, mwenye nyumba anageuka mpangaji. Kama nomino, "rent" ni kodi yenyewe.

"Let" ni ya mwenye nyumba peke yake. Mpangaji akisema "I let a flat", kajipandisha cheo. Wakati uliopita nao haulibadilishi: "let" ni "let" tu. Utalikuta zaidi Uingereza, kwenye vibao vya "To Let" (watundu huchomeka "i" katikati, nyumba ikawa choo). Marekani huandika "For Rent", ingawa "sublet", mpangaji kumpangishia mwingine, nao wanalo.

Nikiandika mwenyewe, nashika "rent from" na "rent out". Zinaeleweka kotekote.